Hadithi mbili tu kwa jioni

Mkusanyiko wa hadithi fupi za kuchekesha una adui mkubwa kuliko mwandishi mbaya, naye ni msomaji mwenye haraka. Anakipata kitabu Ijumaa, anaanza ukurasa wa kwanza, Jumapili jioni ameshafika jalada la nyuma, kisha anawaambia watu: "Mwanzoni kinachekesha, halafu kinapoa." Kitabu hakijapoa. Mtu amelamba pilipili kwa kijiko, sasa anailaumu pilipili kwamba ulimi umekufa ganzi.

Sababu iko kwenye uzazi wa hadithi zenyewe. Nyingi kati ya hizi tunazozikuta zimefungwa pamoja hazikuandikwa ziwe kitabu. Anton Chekhov, kabla dunia haijamjua kwa tamthilia zake, alikuwa mwanafunzi wa udaktari mjini Moscow, familia nzima ikimtegemea, na katika miaka ya 1880 aliandikia magazeti ya vichekesho kwa jina la bandia, Antosha Chekhonte. Gazeti mojawapo, Oskolki la St. Petersburg, lilitaka hadithi isizidi mistari kama 100. O. Henry naye, kule New York, kuna miaka aliyofanya kazi kwa mkataba wa hadithi moja kila wiki kwa gazeti la Jumapili. Msomaji wa wakati ule alipata moja, akacheka, akafungia samaki lile gazeti, akangoja nyingine. Baadaye mchapishaji akaja akaziokota 20 au 30 akazishona pamoja. Mtego uliotengenezwa unase mara moja kwa wiki, ukiutazama mara 20 ndani ya siku mbili, utaiona kamba.

Za kwetu pia ni hivyo. Kalulu, sungura mjanja wa huku Katanga, Kongo, Bakame, sungura wa wasemaji wa Kinyarwanda kule Goma, Abunuwasi aliyetembea na watu wa pwani: hakuna bibi aliyeketi akazimwaga zote usiku mmoja. Ilitoka moja, ikatoka ya pili, mtoto mmoja akasinzia, ikaisha.

Basi kipimo ni hicho: hadithi mbili kwa jioni, tatu kama ni fupi sana. Na zisomwe kwa sauti mbele ya watu, hata kama watu wenyewe ni wawili. Anayesoma peke yake hutabasamu tu. Kicheko kama miayo, kinapita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Hadithi ileile iliyokuachia tabasamu kitandani inaweza kuangusha kwa kicheko lupango lote, yaani ua mzima, mbele ya mbabula, jiko la makaa.

Hesabu ya muda ni rahisi, na inafaa kuifanya kabla, kwa sababu wengi wanaikosea. Ukurasa wa kitabu cha kawaida una maneno 250 hadi 300. Ukisoma kwa sauti bila mbio, unatoa maneno kama 130 hadi 150 kwa dakika, yaani ukurasa mmoja kwa dakika mbili. Hadithi ya kurasa sita inakula dakika 12. Lakini kama kitabu ni cha Kifaransa na unakitoa kwa Kiswahili papo hapo, hesabu dakika 20 hadi 25 kwa hadithi hiyohiyo. Hadithi mbili, ongeza kucheka na kubishana katikati, ni saa nzima. Watu waliotoka kazini na wanaongoja bukari, yaani ugali, hawana saa ya pili.

Tuje kwenye kuchagua kitabu. Lubumbashi, mkusanyiko utakaoupata mara nyingi ni wa Kifaransa, na mara nyingi ni mtumba, umetandazwa chini pamoja na kamusi zisizo na jalada na vitabu vya hesabu vya sekondari. Usiamini maneno ya jalada la nyuma. Kila mchapishaji huapa kwamba utacheka mpaka ulie. Fungua katikati, tafuta hadithi isiyozidi kurasa nane, soma aya yake ya kwanza hapohapo umesimama. Ukiimaliza unapaswa kuwa umeshajua nani anataka nini. Kama nusu ukurasa umekwisha na bado mwandishi anaeleza mawingu, kirudishe. Kisha tazama chini ya kurasa: maelezo madogo ya mhariri yakizidi mawili kwa ukurasa, mzaha umebaki kwenye karne yake na hautafika kwako mzima. Tazama pia vistari vya mazungumzo. Ukurasa uliojaa vistari unasomeka kwa sauti wenyewe. Ukurasa ulio ukuta mmoja wa maneno utakuchosha pumzi.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa, nalo ndilo watu husahau: hesabu namba za kurasa. Vitabu vingi hushonwa kwa mafungu ya kurasa 16, na uzi ukikatika fungu zima huchomoka kimyakimya. Riwaya ikikosa kurasa 16 unaweza kubahatisha ukaendelea. Hadithi ya kuchekesha iliyokosa ukurasa wa mwisho ni deni lisilolipika, maana kila kitu kilikuwa kimekopwa kwa ajili ya ukurasa ule.

Ukiwa nacho nyumbani, usifuate mpangilio wa yaliyomo. Wahariri hupanga kwa mwaka wa kuandikwa, au huweka nzuri mbili mbele na moja nyuma, katikati wakaficha dhaifu. Panga wewe. Pitia hadithi zote kwa macho, siku kadhaa, na kando ya kila jina andika kwa penseli herufi ya aina ya mtego: mdogo anamshinda mkubwa, mjanja ananaswa na ujanja wake mwenyewe, bahili, mwoga mbele ya bosi, watu wawili wanaozungumza kila mmoja akidhani jingine, mwongo anayelazimika kuongeza uongo. Utashangaa herufi zinavyojirudia. Mwandishi wa hadithi 30 za kuchekesha huwa na mitego mitano, sita hivi, na hiyo si aibu, ndiyo mikono yake. Ila usisome herufi moja mara mbili jioni moja. Bahili wa pili anachekesha nusu ya wa kwanza, hata kama ndiye aliyeandikwa vizuri zaidi.

Anza na fupi yenye mtego unaojulikana, ili masikio yapashe moto. Ya pili iwe ile unayoitegemea. Wapo wanaoiweka nzuri mwisho kabisa, ya tatu. Hapo watoto wamelala, mama wa nyumba ameshainuka kugeuza sombe, mboga ya majani ya mihogo, na wewe unabaki ukimsomea mbwa.

Maandalizi ya hadithi moja ni kuisoma mara mbili: mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti ukiwa peke yako. Hiyo ya pili ndiyo inayokuonyesha jina linalokutegua ulimi na sentensi ndefu inayokumalizia pumzi kabla haijafika mahali pake. Piga mstari chini ya vitu vitatu tu: sentensi ambapo mambo yanageuka, kiitikio kama kipo, na sentensi ya mwisho. Ukipiga mistari 15, siku ya kusoma utatafuta mistari badala ya kutazama watu. Na kama baada ya kilele mwandishi au mkusanyaji ameongeza aya ya mafundisho, ikate. Wakusanyaji wa zamani wa ngano, hasa waliochapia shule, walipenda kumalizia na onyo kwa watoto. Kicheko kikishatoka, neno lolote linalofuata linakinyang'anya nguvu.

Sasa kazi yenyewe, kukitoa kitabu kwenye Kifaransa kukileta kwenye Kiswahili huku watu wanakutazama. Kosa la kawaida ni kufuata neno kwa neno. Unakwama kwenye sifa tatu za koti la mtu, unasema "yaani… ile… namna ya…", na mzaha umeshafia mlangoni. Mji huu una walimu wake wa namna bora. Kundi la Mufwankolo lilichekesha Lubumbashi kwa miaka mingi, redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili cha hapa, bila karatasi ya kukariri. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwafuata mwaka 1986 wakitengeneza mchezo kutokana na methali isemayo kwamba uwezo, yaani mamlaka, huliwa mzima. Walikubaliana juu ya mfululizo wa matukio na nani anaingia na nani anatoka. Mengi ya maneno yakazaliwa mdomoni. Fanya vivyo hivyo na ukurasa. Soma aya kwa macho, inua kichwa, isimulie. Yale machache uliyopiga mstari ndiyo pekee yanayotoka kama yalivyoandikwa.

Kwa mfano halisi nachukua hadithi ya Chekhov ya mwaka 1883 kuhusu kifo cha karani, kwa sababu ni fupi sana, kurasa tatu nne, na mtego wake, mwoga mbele ya mkubwa, hauhitaji kuelezwa Kongo. Karani mdogo wa serikali yuko kwenye jumba la maonyesho, safu ya pili, anatazama kwa darubini, amefurahi. Anapiga chafya. Anajifuta, anatazama kushoto na kulia kama ameudhi mtu, na anaona mzee wa safu ya kwanza anajipangusa upara na shingo kwa glovu. Mzee ni jenerali, mkubwa wa idara nyingine. Karani anaomba msamaha. Jenerali anasema si kitu. Karani anaomba tena. Anaomba wakati wa mapumziko. Kesho yake anavaa sare mpya, ananyoa nywele, anakwenda kuomba ofisini. Kila mara jenerali alikuwa ameshasahau, na kila mara anakumbushwa, mpaka anamfukuza kwa kelele. Karani anarudi nyumbani, hajavua hata sare, anajilaza kwenye kochi, anakufa.

Ukisimulia hivyo, kama nilivyosimulia mimi sasa hivi, haichekeshi. Ni taarifa tu. Inachekesha kwa ngazi. Sauti ya karani lazima ishuke kila mara na ya jenerali ipande kila mara, lakini kidogokidogo: ukimfanya jenerali afoke mara ya pili, hutakuwa na pa kupanda mara ya tano. Karani aongee kama mtu wa hapa anavyoongea na mkubwa, kwa wingi wa heshima: "Munisamehe, mukubwa, sikukusudia." Mara ya kwanza ni sentensi moja. Mara ya pili ongeza neno. Ofisini inakuwa hotuba. Jenerali naye afupishe: kwanza "Si kitu, si kitu," kisha "Basi," kisha pumzi tu, halafu "Toka!" Watu wataanza kucheka wenyewe wakiona karani anasimama tena, kabla hajafungua mdomo. Ukiona hivyo, usiseme neno lake mara moja. Mwache asimame.

Halafu jina. Mwandishi alimpa karani jina lililotoka kwenye neno la Kirusi la mnyoo, na Mrusi akilisikia anatabasamu hapohapo. Kwenye Kifaransa jina limebaki rundo la konsonanti na mzaha umepotea njiani. Wewe unayetoa kwa Kiswahili una nafasi ya kuurudisha: mwite Bwana Mnyoo tangu mstari wa kwanza, bila kueleza, kwa uso mkavu. Huko ni kutafsiri, si kuongeza. Lakini usihamishe hadithi yote uiweke Kampemba, hapa hapa mjini. Wengine hufanya hivyo, jenerali akawa mkubwa fulani wa hapa, na nusu ya wasikilizaji wanaacha kusikiliza wakibahatisha ni nani. Urusi ya mbali ndiyo inayowapa watu ruhusa ya kucheka kuhusu ofisi wanazozijua.

Mwisho wa hadithi ile, kwa Kirusi, ni neno moja baada ya nukta za kusitasita. Kiswahili kinakupa zawadi hapo, maana nacho kinaweza kuua mtu kwa neno moja: "Akafika nyumbani, hakuvua sare, akajilaza kwenye kochi, na… akafa." Baada ya "na" hesabu moyoni moja, mbili. Usihesabu tatu, mtu atakumalizia. Neno lenyewe lisemwe chini, bila msiba, kama unavyosema "akalala". Ukilisema kwa kishindo, watu wanasikitika. Ukilisema chini, kuna kimya jii, kisha mmoja anaanza, kisha wote.

Hii -ka- tumshukuru aliyeibuni. Kifaransa cha vitabu kina wakati wake wa kusimulia ambao mtu hausemi sokoni, na wasikilizaji wanausikia kama suti. -ka- haina suti. Akaja, akakaa, akapiga chafya: matukio matatu, hakuna pa kupumua. Ukitaka kupunguza mwendo kabla ya pigo, toka kwenye -ka- uingie "alikuwa ana-": "Jenerali alikuwa anajipangusa upara…" na watu wanajua kuna kitu kinakuja. Viigizi pia ni mali ambayo Kiswahili kinayo kwa wingi kuliko Kifaransa cha vitabu: akaanguka pu, ikatumbukia chubwi, akanyamaza jii. Kimoja kwa ukurasa kinatosha. Vikiwa vitano unakuwa katuni.

Kinyume cha mwendo huo wa ngazi ni hadithi ya kiitikio, na hapo mfano wangu ni Birago Diop, daktari wa mifugo wa Senegal aliyeandika ngano za Amadou Koumba, mkusanyiko wa kwanza mwaka 1947, mpya mwaka 1958. Huo wa pili ndio wenye hadithi ya mfupa. Mor Lam amepata mfupa wenye nyama, anauchemsha polepole ulainike, na rafiki yake Moussa, ndugu yake wa jando, anaingia na kuketi. Ndugu wa jando hawezi kufukuzwa wala kunyimwa. Mor Lam anajifanya mgonjwa ili Moussa aondoke. Moussa haondoki. Anajifanya amekufa. Moussa analia na kubaki. Mkewe, Awa, anamwinamia na kumnong'oneza kwamba mambo yamefika mbali, na kila mara bahili anauliza yaleyale: mfupa uko wapi, umelainika, Moussa yupo bado? Anaoshwa, anavikwa sanda, anapelekwa kaburini, na bado ni mfupa, umelainika, Moussa.

Kosa la msomaji asiyejua ni kubadilisha maneno ya kiitikio kila mara ili asirudie. Ameelimishwa shuleni kwamba kurudia ni udhaifu. Hapa kurudia ndiko injini. Chagua maneno yako ya Kiswahili kabla, mafupi, yenye mizani, yaandike kwenye karatasi ndogo ndani ya kitabu, na usiguse hata herufi: "Mfupa?" "Upo." "Umelainika?" "Umelainika." "Moussa?" "Yupo." Mara ya kwanza watu wanasikiliza. Mara ya pili wanatabasamu. Mara ya tatu mtoto mmoja anajibu "Yupo!" kabla ya Awa, na kuanzia hapo kazi yako ni kuuliza tu, lupango linajibu. Kinachobadilika ni sauti peke yake: ugonjwani Mor Lam anaongea kama mgonjwa, kwenye sanda ananong'ona, kaburini hewa ni haba. Bernard Dadié wa Côte d'Ivoire naye, katika ngano 16 alizotoa mwaka 1955, ana buibui Kacou Ananze mwenye tamaa ya namna hiyohiyo, kwa hiyo ukiwa na vitabu vyote viwili, kumbuka herufi: usimweke buibui jioni moja na mfupa.

Kuna jambo moja la sauti ambalo hapa Lubumbashi ni zito. Kumpa mhusika mjinga lafudhi ya kabila fulani ni njia rahisi ya kupata kicheko, na kwenye jumba la maonyesho wachekeshaji wazoefu huicheza kwa makubaliano na watazamaji wao. Nyumbani, ukiwa na kitabu mkononi na majirani wa kila upande, iache. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu, familia zikalala kwenye vituo vya treni, na waliokuwa watoto wakati ule leo ni baba na mama wanaoketi mbele yako. Bahili awe bahili, asitoke upande wowote. Mpe tabia ya mwili badala ya lafudhi: anayevuta makamasi kabla ya kusema uongo, anayejibu swali kwa swali, anayeanza kila sentensi na "Kusema ukweli". Hiyo inachekesha vizuri zaidi, na inadumu mpaka mwisho wa hadithi.

Mahali pa kusomea pana mambo mawili au matatu tu. Taa iwe nyuma ya bega lako ikimulika ukurasa, usiweke simu chini ya kidevu: watu wakikuona kama zimwi watacheka kwa sababu isiyo yako. Wasikilizaji wakae karibu karibu, nusu duara, maana watu waliotawanyika hawaambukizani. Msimu wa mvua, wingu likiwa jeusi, chagua hadithi za kurasa mbili. Mvua ya Januari ikipiga mabati hakuna koo linaloishinda, na hadithi iliyokatwa kabla ya sentensi ya mwisho haianziki tena katikati. Juni na Julai, baridi inapouma usiku, ndiyo miezi mizuri, watu wamejikunja wenyewe kwenye mbabula. Ila mbabula ibaki nje, au mlango na dirisha viwe wazi. Moshi wa makaa usioonekana huua kimya kwenye chumba kilichofungwa, na mtu anayesinzia katikati ya hadithi nzuri ni ishara ya kutoka nje haraka, si ya kusoma kwa nguvu.

Yanayoharibika wakati wa kusoma yana sababu zinazojulikana. Msomaji anacheka kabla ya wasikilizaji: ameijua hadithi tangu juzi, kicheko kinampanda, anaitoa sentensi ya mwisho ikiwa imelowa, hakuna aliyeisikia. Dawa ni ile mara ya pili ya kuisoma peke yako, chekea huko. Msomaji anatangaza: "Sasa hii itawaua!" Hapo amewapa watu kazi ya kumpima, na mtu anayepima hacheki. Anza tu. Mtu anauliza katikati, "Glovu ni nini?" Jibu kwa neno moja, "Soksi ya mkono," endelea. Ukisimama kueleza baridi ya Urusi umepoteza jenerali. Lakini dalili kama hiyo ukiiona mara tatu kwenye hadithi moja, kosa ni lako la kuchagua. Ilipaswa kuandaliwa, glovu ikawa kitambaa tangu mwanzo.

Hakuna aliyecheka kabisa? Usieleze. Usirudie sentensi ya mwisho kwa sauti kubwa zaidi. Funga ukurasa, ingia ya pili, ambayo kwa bahati uliiweka ndiyo nzuri. Sababu ya kimya kile mara nyingi ni moja kati ya mbili: umeruka sentensi ndogo ya mwanzo iliyobeba ufunguo (mfano, kwamba jenerali ni wa idara nyingine, hana mamlaka yoyote juu ya karani, na hapo ndipo upumbavu wote ulipo), au mzaha ulikuwa wa neno, mchezo wa sauti mbili za Kifaransa, nao hauvuki mto. Hadithi za mchezo wa maneno waachie wanaosoma Kifaransa kimya. Ukizitoa kwa Kiswahili utalazimika kusema "kwa Kifaransa hapa wanacheka", sentensi yenye huzuni kuliko zote katika fani hii.

Mzee akishachekeshwa na hadithi, mara nyingi atasema naye anayo. Mpe nafasi papo hapo, hata kama ya pili ulikuwa umeiandaa vizuri. Yake haiko kwenye kitabu chochote, na yako itakuwepo kesho. Ukisikia mtego wake unafanana na mmoja wa herufi zako, iandike herufi hiyo pembeni pamoja na neno "baba mkubwa" au "shangazi", ujue siku nyingine ipi uiweke kando ya yake au ipi uiepuke.

Kitabu chenyewe kitunze daftari lake. Kwenye ukurasa wa yaliyomo, mbele ya kila jina, penseli: tarehe, waliokuwepo kwa kifupi, na alama. Mimi natumia tatu: duara tupu kwa kimya, mstari kwa tabasamu, mistari miwili kwa kicheko. Hadithi yenye duara ipewe miezi mitatu, isomwe kwa watu wengine, imeandaliwa upya. Duara la pili, iache. Yenye mistari miwili usiirudie kwa watu walewale kabla ya mwaka, isipokuwa waiombe wenyewe. Ya mfupa wataiomba. Watoto watakuwa wameshaanza kuitumia mezani, mmoja anafunua sufuria, mwingine anauliza kutoka mlangoni kama umelainika, na wa tatu, akimtazama mgeni, anajibu kwamba Moussa yupo.